Dalali Asishike Mizani

(Mazungumzo niliyoyatoa Malindi mbele ya wavuvi, walimu, wanafunzi wa sheria na vijana wa kompyuta. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, ila nimeondoa pale nilipojirudia.)

Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, dada na kaka, wanafunzi: salaam aleikum, na hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya serikali na biashara ya anga za juu. Jana usiku nilipomtajia mwenyeji wangu mada hii alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Akaniambia, "Wakili, sisi hata barabara hatujamaliza kuilalamikia, nawe watupeleka mwezini?" Nikamwahidi kwamba nitaanza na samaki, na ahadi ni deni.

Leo alfajiri nilipita bandani. Dalali amesimama juu ya kreti, anamsifu nguru mpaka utadhani samaki yule amehitimu chuo kikuu. Hakuna anayemlaumu. Kazi ya dalali ndiyo hiyo: kusifu, kuita wanunuzi, kuipandisha bei ili mwenye chombo na mabaharia wake wapate riziki. Lakini mizani inakaguliwa na mtu mwingine. Afisa wa vipimo huja na mawe yake, akapima, akagonga muhuri, akaenda zake. Hana haja nguru auzwe ghali wala rahisi. Sasa fikirini siku ambayo muhuri ule utakabidhiwa dalali. Hata awe mswalihina namna gani, nyinyi wavuvi mtaanza kupima samaki majumbani kabla ya kuja sokoni.

Hilo tu ndilo nililokuja kusema. Yanayofuata ni ushahidi.

Watu wa Ngomeni, hapo kaskazini ya Malindi, hamna haja ya kuelezwa roketi ni nini. Majukwaa yale ya chuma yaliyosimama baharini, San Marco na Santa Rita, yaliwekwa na Wataliano miaka ya 60, na kati ya wazee waliokaa hapa mbele wako walioyaona yakifanya kazi. Setilaiti ya kwanza ilipaa kutoka pale tarehe 26 Aprili 1967. Tangu siku hiyo hadi Machi 1988 zikapaa tisa kwa jumla, zote zikibebwa na roketi za Kimarekani zilizoitwa Scout. Mashuhuri kuliko zote ni ile ya tarehe 12 Desemba 1970. Ilikuwa Sikukuu ya Jamhuri, nchi yetu inatimiza miaka saba tangu ijitawale, na kwa heshima ya siku hiyo Wamarekani wakaipa setilaiti yao jina la Uhuru. Ndiyo iliyokuwa ya kwanza duniani kupelekwa juu kwa kazi moja tu, kutafuta miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Ikaorodhesha vyanzo 339, na Riccardo Giacconi, mwanasayansi aliyeongoza kazi ile, akatunukiwa Nobel mwaka 2002. Neno letu la Kiswahili limo katika vitabu vya elimu ya nyota ulimwenguni kote, na lilianzia hapo nje, pengine mtu akiwa kwenye mtumbwi wake anatega dema.

Kwa nini walikuja hapa? Hawakufuata ukarimu wetu, ingawa tunao. Walifuata ikweta. Dunia inajizungusha, na kwenye ikweta uso wake unakwenda kasi ya kilomita zipatazo 1,670 kwa saa kuelekea mashariki. Roketi inayorushwa karibu na mstari huo inapewa msukumo wa bure kabla haijachoma mafuta. Na mashariki yetu kuna nini? Bahari tupu, ambako vipande vinaweza kudondoka bila kumwangukia mtu. Hivyo bidhaa yetu ni mahali. Nairobi inaweza kujenga maghorofa inavyotaka, lakini haiwezi kujenga pwani inayotazama mashariki nyuzi tatu kusini ya ikweta.

Wakati ule mnunuzi wa mahali hapa alikuwa serikali, akizungumza na serikali nyingine. Siku hizi mnunuzi ni kampuni. Inataka kurusha leo, kesho na kesho kutwa, inalipa, na isipohudumiwa haraka inahamia kwingine. Mabadiliko haya ndiyo yanayofanya suala la dalali na mizani liwe letu sote.

Niwape sheria kidogo. Wanafunzi andikeni, wengine vumilieni dakika tano.

Mwaka 1967 mataifa yalifunga Mkataba wa Anga za Juu. Kifungu chake cha 6 kinasema jambo ambalo katika biashara nyingine hulisikii: kila dola, yaani kila nchi na serikali yake, inabeba dhamana ya shughuli za anga za juu za taifa lake, ziwe zinafanywa na serikali au na watu binafsi, na shughuli za watu binafsi lazima zipate idhini ya dola husika na ziendelee kusimamiwa nayo. Si idhini ya siku moja kisha basi. Usimamizi hauna likizo. Ni sawa na mtoto aliyevunja dirisha la jirani kwa mpira: jirani haendi kwa mtoto, anakuja kwa baba.

Mkataba wa pili ni wa mwaka 1972, unahusu fidia. Chombo kikianguka ardhini kikaleta hasara, dola iliyokirusha inalipa, na mdai halazimiki kuthibitisha uzembe. Na nani anaitwa dola iliyorusha? Mkataba unataja wanne: aliyerusha, aliyeagiza kurushwa, mwenye ardhi kilikorushiwa, na mwenye mtambo uliotumika. Kenya imo katika mikataba yote miwili.

Mwenye ardhi. Naomba mlishike neno hilo. Maana yake ni kwamba kampuni ya kigeni ikija Ngomeni, ikaleta roketi yake na mafundi wake, nasi tukapokea kodi ya kiwanja tu, kisha kipande kikamwangukia mtu Maldives, Kenya imo katika orodha ya wanaodaiwa. Umemkodisha mtu chumba, naye amechoma mtaa mzima. Sheria haikuulizi ulipokea kodi kiasi gani.

Basi nani kwetu anatoa idhini na kusimamia? Shirika la Anga za Juu la Kenya, KSA, liliundwa mwaka 2017 kwa amri iliyotolewa chini ya sheria ya mashirika ya umma, na limewekwa Wizara ya Ulinzi. Majukumu yake yanaelezwa kwa vitenzi vitatu: kukuza, kuratibu na kudhibiti shughuli za anga za juu nchini. Nimevisoma vitenzi hivyo mara nyingi, na kila mara jicho langu linaruka kile cha katikati. Kukuza ni kazi ya dalali. Kudhibiti ni kazi ya afisa wa vipimo. Wote wawili tumewakalisha kiti kimoja.

Sisemi kuna mtu aliyepotoka. Wafanyakazi wa shirika lile ni wachache, wana ari, na wamefanya mambo ambayo miaka 20 iliyopita tungeyaita ndoto. Nasema juu ya kiti, si juu ya aliyekikalia.

Mtaniuliza: mbona wakubwa wamefanya hivyo hivyo? Kweli, na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu Wamarekani wametangulia na makovu yao yanaonekana.

Mwaka 1982 kampuni moja ya Texas, Space Services, ilitaka kurusha roketi yake kwa fedha zake, bila senti ya serikali. Roketi iliitwa Conestoga, nayo ilirushwa tarehe 9 Septemba kutoka kisiwa cha Matagorda. Kurusha kulikuwa rahisi kuliko kupata ruhusa. Hapakuwa na sheria iliyokataza wala ofisi iliyokuwa na mamlaka ya kusema ndiyo. Wakazunguka: watu wa anga, watu wa masafa ya redio, watu wa mambo ya nje ambao vitabu vyao vilitambua roketi kama silaha inayouzwa ng'ambo. Yeyote aliyewahi kutafuta leseni ya biashara katika nchi yetu anaijua safari hiyo. Wamarekani wameionja mara moja wakatunga sheria.

Sheria ile Rais Reagan aliitia saini Oktoba 1984. Ilifanya jambo la maana: mlango mmoja wa kubisha, katika Wizara ya Uchukuzi. Lakini ofisi hiyo ikapewa amri mbili kwa pumzi moja. Linda afya na usalama wa umma na mali za watu. Na pia himiza, rahisisha na kuza urushaji wa kibiashara. Mwaka 1995 ofisi hiyo ikahamishiwa kwa mamlaka ya usafiri wa anga, FAA.

Sasa tazameni kilichotokea mwaka mmoja baadaye, na hakikuwa na uhusiano na roketi. Tarehe 11 Mei 1996 ndege ya kampuni ya ValuJet ilishika moto ikaanguka kwenye vinamasi vya Florida. Wakafa watu 110, wote waliokuwemo. Watu wakahoji: FAA ilikuwa ikiisimamia kampuni hii, au ikiisaidia ikue? Maana kisheria FAA ilikuwa na jukumu la kukuza usafiri wa ndege pia. Mwaka huo huo Bunge la Marekani likaliondoa jukumu hilo, likaagiza usalama uwe mbele ya kila kitu.

Kwa ndege, likaondolewa. Kwa roketi, katika mamlaka hiyo hiyo, likabaki. Na limebaki mpaka leo. Dalali amenyang'anywa mizani ya samaki, akaachiwa ya kamba.

Athari zake zikaonekana tarehe 31 Oktoba 2014. Chombo cha SpaceShipTwo, kilichokuwa kikijaribiwa kwa ajili ya kubeba watalii, kilivunjika hewani juu ya jangwa la Mojave. Rubani mmoja akafa, mwingine akajeruhiwa vibaya. Chanzo cha karibu kilikuwa kufunguliwa mapema kwa kifaa cha kuegemeza mkia, na waliochora chombo hawakuwa wamefikiria kwamba binadamu anaweza kukosea hapo. Lakini bodi ya uchunguzi wa ajali haikuishia kwa rubani. Ilifuata karatasi mpaka ofisi ya leseni. Ikakuta kwamba ndani ya ofisi ile kulikuwa na shinikizo la kumaliza kibali katika siku 120 zilizowekwa na sheria, kiasi cha kuingilia kazi ya wakaguzi. Maswali ya wahandisi yalichujwa na wakubwa wao kabla ya kufika kwa kampuni. Na uchambuzi wa hatari haukukidhi kanuni, ofisi ikatoa msamaha badala ya kudai uchambuzi kamili.

Hakuna aliyehongwa. Mkumbuke hilo. Ile ndiyo sura ya dalali mwema aliyepewa muhuri: hali rushwa, haibi, ila swali gumu linamchelewesha mteja, naye ameajiriwa asimcheleweshe mteja. Basi swali linapunguzwa ukali kidogo, kisha kidogo tena.

Niseme na upande wa pili, maana mzee mmoja hapo ameshaanza kutikisa kichwa akidhani mimi ni adui wa biashara. Sivyo. Mkaguzi asiye na haraka wala haya anaua kama dalali mwenye muhuri, tofauti ni kwamba anaua polepole. Setilaiti yetu ya Taifa-1 ilipaa tarehe 15 Aprili 2023. Wahandisi wetu wa Kenya waliisanifu na kuiunda pamoja na kampuni ya Bulgaria, kwa gharama ya shilingi milioni 50, na ikapanda kwa roketi ya SpaceX kutoka Vandenberg, California. Karatasi iliyoruhusu roketi ile kuruka ilitoka katika ofisi hiyo hiyo ninayoisema. Isingekuwa sheria ya 1984 kuweka mlango mmoja, huenda biashara ya kubebana mizigo angani isingefikia bei ambayo nchi kama yetu inaweza kuimudu. Kukuza ni kazi halali, ya heshima. Naomba tu isifanywe na mwenye mizani.

Tena wakati mwingine mizani yao inafanya kazi. Aprili 2023 roketi kubwa ya Starship ilirushwa Texas mara ya kwanza ikavunjavunja sakafu ya zege iliyokuwa chini yake. Mawe yakaruka, vumbi likaangukia mji wa jirani. FAA ikaisimamisha, na marekebisho 63 yakaorodheshwa. Ikaruka tena Novemba. Lakini uchunguzi wenyewe uliongozwa na kampuni, ofisi ikiangalia. Mnaweza kulisema hilo kwa Kiswahili chenu wenyewe: mwanafunzi amesahihisha mtihani, mwalimu ametia sahihi.

Na mamlaka yao ya mawasiliano, ambayo haina deni la kumpendeza mrusha roketi, iliwahi kuonyesha inavyofanywa. Oktoba 2023 iliitoza kampuni ya Dish dola 150,000. Kosa? Setilaiti iliyozeeka ilitakiwa ipandishwe kilomita 300 juu ya njia yake, isizuie wenzake; mafuta yakaisha ikafika 122 tu. Faini ni ndogo kwa kampuni ile, chai ya ofisi, lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa mamlaka ile kumtoza mtu kwa sababu ya taka za angani.

Turudi upande wetu wa dunia kwa kupitia New Zealand, kwa kuwa wao ni wachache, watu kama milioni 5, na hawakuwa na historia kubwa ya roketi. Kampuni ya Rocket Lab ilitaka kurushia Mahia, rasi ya kisiwa chao cha kaskazini, mahali pa wavuvi na wafugaji. Serikali ilijikuta na mteja kabla ya kuwa na sheria, kama sisi tutakavyojikuta asubuhi moja. Kwanza ikafunga naye mkataba wa muda. Halafu mwaka 2017 Bunge likapitisha sheria kamili, ikaanza kutumika Desemba. Sheria ile inataka leseni mbalimbali: ya anayerusha, ya mahali pa kurushia, na ya mzigo wenyewe. Waziri anaweza kuukataa mzigo kwa sababu ya maslahi ya taifa. Anayerusha anaweza kutakiwa akate bima na aifidie serikali ikidaiwa chini ya ile mikataba niliyoisema. Kwa hiyo mwenye nyumba amejikinga kabla mpangaji hajawasha jiko.

Wamekamilika? La. Shirika lao la anga za juu limo ndani ya wizara ya biashara na ubunifu, yaani dalali na mizani wanakula sahani moja hata huko. Na mnamo Januari 2018 Rocket Lab ilipopeleka juu tufe la kung'aa kama la disko, eti wanadamu walitazame wafurahi, wanaastronomia walikasirika kwa sababu hawakuwa wameambiwa. Mimi nacheka ninapoikumbuka hiyo, lakini mwanaastronomia aliyepotezewa picha za usiku mzima hacheki.

Sasa Mukuku.

Tarehe 30 Desemba 2024, alasiri, katika kijiji cha Mukuku kaunti ya Makueni, pete ya chuma ilitoka mbinguni. Upana wake mita mbili na nusu, uzito wake kama kilo 500. Ng'ombe wazima wawili hawafiki uzito huo kwa jinsi ukame ulivyowafanya. Ikatua vichakani. Hakuna aliyeumia. KSA ikafika, ikaichukua, ikasema kwa tathmini ya mwanzo ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi, ya aina ambayo kwa kawaida huungua ikirudi hewani au hupangiwa kuangukia baharini.

Mnaweza kusema tulibahatika tukaendelea na pilau ya Mwaka Mpya. Mimi kama wakili niliuliza: ingeangukia paa la nyumba, mwenye nyumba angemshtaki nani? Chini ya mkataba wa 1972, mwanakijiji hana mlango. Anayedai ni dola dhidi ya dola, kwa njia ya kibalozi. Na muda ni mwaka mmoja tangu hasara itokee au tangu ijulikane chombo ni cha nani. Kwa hiyo mtu wa Mukuku anategemea kabisa serikali yake ifanye mambo mawili: itambue pete ni ya nani, halafu iwe na uso wa kwenda kudai.

Kanada walifanya hivyo. Januari 1978 setilaiti ya Kisovieti, Cosmos 954, yenye mtambo wa nyuklia ndani, ilisambaratika juu ya nyika zao za kaskazini. Wakakusanya vipande kwenye theluji, wakapeleka hesabu ya dola milioni 6 za Kanada, na mwaka 1981 wakalipwa milioni 3. Nusu, lakini walilipwa, na wakati ule walikuwa wakimdai mwenye bomu la nyuklia.

Hapa kwetu, ofisi inayotarajiwa kusema pete ni ya nani ndiyo hiyo hiyo inayotakiwa kuwatafuta washirika, mafunzo, vyombo na wawekezaji. Washirika hao ni kina nani? Ni nchi zinazorusha roketi. Orodha ya wanaoweza kudaiwa na orodha ya wanaoalikwa kwenye mikutano yetu ni orodha moja. Sidai kwamba mtu yeyote alinyamazishwa juu ya Mukuku. Nasema tumemweka ofisa wetu mahali ambapo uchunguzi wake ukikamilika anaweza kumuudhi mgeni aliyemwalika, nasi tunategemea moyo wake tu. Moyo wa mtu si utaratibu.

Kwenye mawasiliano tumeuona mvutano wa namna hiyo kwa sura nyingine. Starlink, kampuni ya intaneti ya setilaiti, ilianza kuuza huduma nchini Julai 2023, ikapewa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano. Mwaka 2024 Safaricom ikaiandikia Mamlaka ikitaka kampuni za setilaiti zisipewe leseni za kujitegemea, bali zifanye kazi kupitia kampuni za simu zilizopo. Wakati huo Serikali yenyewe ilikuwa na asilimia 35 ya Safaricom. Kila mmoja ana haki ya kuandika barua. Lakini mtu wa Kakuma au Faza anayesubiri intaneti atajuaje kama uamuzi unatoka kwa mwenye mizani au kwa mwenye hisa?

Niwakumbushe pia kwamba serikali zetu hazikuanza leo kutamani kodi ya mbinguni. Desemba 1976 Kenya, Uganda na Zaire zilikuwa kati ya nchi 8 za ikweta zilizotia saini Azimio la Bogotá, wakidai kwamba sehemu ya njia ya setilaiti iliyo juu ya nchi zao, kilomita kama 36,000 kwenda juu, ni mali yao. Wakubwa wakakataa, na dai likafifia. Huwa nalionea huruma azimio lile. Wazee wetu waliona mapema kwamba mahali ni mali. Walikosa tu mahali pa kupimia.

Basi ningependa nini? Sitaki ofisi mbili kubwa zenye magari mawili ya mkurugenzi. Nchi haina fedha hizo na mimi ni mlipa kodi. Nataka sheria ya Bunge, si amri tu, na ndani yake wakaguzi wa leseni wasiwe chini ya yule anayepimwa kwa idadi ya wawekezaji aliowaleta. Wakae hata katika jengo moja, lakini sahihi yao isibatilishwe na mkuu wa idara ya kukuza. Msamaha wowote wa kanuni utangazwe hadharani pamoja na sababu zake, ili nasi tuusome kabla ya kishindo, si baada ya tume ya uchunguzi. Kampuni ikate bima, na iahidi kuilipa Kenya chochote Kenya itakachodaiwa. Kwa anayeangukiwa na chuma, ufunguliwe mlango hapa nyumbani: alipwe na serikali kwanza, halafu serikali ihangaike na mabalozi kwa wakati wake.

Na kibali kiwe na siku za mwisho. Hilo nalisema kwa ajili ya vijana wa kompyuta waliokaa kule nyuma. Leo mtu akitaka kurusha kitu kutoka Ngomeni atabisha kwa KSA, kwa mamlaka ya usafiri wa ndege kwa ajili ya anga, kwa mamlaka ya mawasiliano kwa ajili ya masafa, kwa mamlaka ya bahari kwa ajili ya vyombo, na kwa NEMA kwa ajili ya mazingira. Ni Conestoga yetu hiyo. Mlango mmoja wa kupokea karatasi unaweza kuwekwa bila kumpa mpokeaji muhuri wa kila kitu; karani wa mapokezi hospitalini hachomi sindano.

Halafu liko suala la bahari, ambalo katika rasimu za mijini huwa mstari mmoja chini ya neno "wadau". Kila roketi inapokaribia kurushwa, sehemu ya bahari inafungwa. Kwa anayeandika kanuni hiyo ni duara kwenye ramani. Kwa mvuvi wa Ngomeni ni siku ya bamvua iliyopotea, na mawimbi ya kusi hayampi nyingine ya kufidia. Kama urushaji ni mara moja kwa mwaka, atavumilia. Wafanyabiashara wa siku hizi wanarusha kila baada ya siku chache, na roketi isiporuka leo kwa sababu ya upepo, duara linafungwa tena kesho. Taifa-1 yenyewe iliahirishwa zaidi ya mara moja kabla ya kuruka. Kwa hiyo saa za kufunga bahari ziandikwe kwenye leseni, BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia fuo, ziambiwe kwa Kiswahili na kwa simu siku kadhaa kabla, na malipo ya siku iliyopotea yawe sharti la leseni kama ilivyo bima. Hapo ndipo nitakapojua kama mwenye mizani ni mkaguzi kweli: je, anaweza kumwambia mwekezaji aliyesafiri kutoka mbali kwamba leo harushi, kwa sababu wavuvi 40 hawajalipwa?

Mwenyekiti ananionyesha saa, na kwa adabu ya Malindi ameionyesha mara ya tatu sasa. Nakaa. Yule mzee wa safu ya pili ameinua mkono tangu nilipotaja majukwaa. Maswali yaanze kwake.